Gato ya Kauboi na Tablier ya Papa Bosenge

Siku ya kwanza ya kazi yangu ilikuwa Jumatatu, tarehe tano mwezi wa kumi, 1953. Mvua ilinyesha toka alfajiri, na nilifika patisseri ya Patron, muzungu mwenye duka ile ya gato, ni kusema keki, na matope mpaka magoti. Kisangani wazungu waliiita Stanleyville wakati ule. Mimi nilisoma kidogo tu kwa bapadri, kwa hiyo sijui kama nitaandika hii mambo sawasawa. Nitajaribu, na kila mutu nitamupa haki yake.

Kwanza niliosha mold, zile vyombo vya kuokea. Kisha walinipeleka kwa unga, na mwisho kwa Papa Bosenge, chef wa dekorasyo, mukubwa wa kupamba gato, mutu wa Yanonge kule mutoni. Yeye njo alinifundisha fondan. Fondan ni sukari ya unga inayokandwa na gelatini na glukozi mpaka inakuwa laini kama udongo wa kufinyanga. Unaitandaza na rulo, ule muti wa kusukumia, unafunika nayo gato. Lakini hewa yetu iko na maji mengi, na sukari inakunywa maji. Ukichelewa, gato inatoa jasho kama mutu. Papa Bosenge hakunyunyiza sukari mezani. Alinyunyiza wanga ya muhogo, kidogo kabisa, kusudi fondan isishike.

Patron alikuwa mufundishaji muzuri, sitaficha. Hakunipiga hata siku moja. Mutu akigonjwa, yeye mwenyewe alimupeleka kwa munganga na gari yake.

Alafu Madame mumoja, bibi ya mukubwa wa mashamba ya kahawa njia ya Banalia, aliomba gato ya sikukuu ya mutoto wake: ngazi tatu, mambo ya kauboi yote. Sisi makauboi tuliwajua kwa sinema ambayo bapadri walionyesha kwenye ukuta. Ngazi ya chini tuliifunika na fondan ya rangi ya ngozi, tukaikwaruza na uma ifanane na mbao. Ya katikati tuliizungusha kamba ya sukari iliyosokotwa. Juu kabisa, kauboi na farasi wake.

Farasi ilikuwa kazi yangu. Papa Bosenge aliitazama, akavua miwani.

— Albert, hii mbuzi, unaiwekea kiti ya nini?

— Papa, ni farasi.

— Bon. Umuambie yeye mwenyewe, juu mimi nasikia analia mee.

Tulicheka, akarekebisha shingo na vidole viwili tu, farasi ikatokea. Kauboi aliyefinyanga yeye alikuwa na tumbo. Nilimuuliza kama ni Patron. Alisema: — Nyamaza, fanya kofia.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali. Njiani kofia ilianza kulegea, kwa hiyo Patron alituambia tuingie wote mpaka salon, chumba ya wageni, tuitengeneze pale pale. Hiyo haikuwa kawaida. Sisi tulibakia jikoni siku zote. Papa Bosenge alisimamisha kofia. Watoto walipiga mikono. Madame alifurahi, akamupa kisu.

— Weye njo ulifanya? Kata, upatie wageni.

Papa Bosenge alikata kipande kidogo, akasimama wima, wote wamuone, akakitia kwanza katika kinywa chake. Kisha akakata cha mutoto, akamutolea na mikono miwili.

Kwetu watu wa mutoni, yule anayeleta chakula anaonja mbele ya mugeni. Ni kusema: ndani hamuna ubaya, kula na moyo mweupe. Usipoonja, umemutukana mugeni.

Madame alipiga kelele. Alisema yule mweusi amekula gato ya mutoto wake mbele ya watu wote. Yeye simuwekei makosa yote. Hakujua, hakuna mutu aliyemuambia, na wageni wake walikuwa wanamuangalia.

Lakini Patron alijua! Siku ya ubatizo wa mujukuu wa Papa Bosenge, Patron alikuja kule cité, mitaa yetu sisi weusi, akaketi kwa kiti ya heshima. Papa Bosenge alikunywa masanga, pombe yetu, kwanza, kisha akamutilia. Patron akauliza sababu, akaelezwa, akasema hii desturi inamupendeza sana. Nilikuwa pale. Nilisikia na masikio yangu.

Papa Bosenge alimugeukia.

— Patron, umuambie Madame. Weye unajua.

Patron aliangalia gato. Mutu muzima, anaangalia kauboi wa sukari! Kisha akasema: — Bosenge, vua tablier. Usirudi.

Papa Bosenge alipangusa kisu, akakunja tablier, ile nguo ya kazi ya kufunga mbele, akaiweka mezani. Patron mwenyewe alikata vipande vya wageni. Papa alirudi Yanonge kuvua samaki, na fondan hakuigusa tena mpaka kufa kwake.

Mimi nilipewa nafasi yake. Nilifanya gato za ndoa, za komunyo, mpaka Patron akarudi Ulaya. Kisha hoteli karibu na Simi-Simi, kiwanja cha ndege. Kisha bulanjeri, duka ya mikate, mpaka miguu ikakataa. Sasa vijana wanakuja kwangu, wananiita tonton, ni kusema mujomba: tonton, siri ya fondan ni nini? Nawaambia wanga, hewa, mikono mikavu. Wanaandika, wanaondoka. Hawaniulizi nani alinifundisha.

Labda Patron aliogopa kupoteza wateja, hii naielewa. Labda alifikiri atamurudisha siku chache zikipita, alafu akaona haya. Nimemutafutia sababu miaka hii yote, sikuona moja inayotosha. Neno moja ya Kifaransa, Madame angecheka, mutoto angekula, na Papa Bosenge angezeekea kwa kazi yake.

Leo jioni tulikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki mukavu na pondu, majani ya muhogo. Binti yangu aliona sahani yangu haipungui, akaniuliza kama chumvi imepita. Nilimuambia hapana, chakula iko muzuri. Ni kasirani tu inanizuia kumeza.