Mvua ya Vijiti Viwili

Asubuhi ile niliondoka bila kujua ninakwenda wapi. Mvua ilikuwa imekaa juu ya Arua wiki ya tatu, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu kabla hujaumaliza, na mimi nilikuwa nimeanza kulala mchana bila usingizi. Unaijua hali hiyo. Sisi hatuna theluji, tuna mwezi wa nane. Kengele ya kanisa kuu la Ediofe ilipolia nikatia blanketi na sufuria ndogo kwenye mfuko, nikafunga chumba. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anapuliza moto.

"Wewe naenda wapi na mvua hii?"

"Sijui bado."

"Basi chukua mwavuli yangu. Siku utajua, rudisha."

Kwenye barabara ya Koboko nikapata lori linalorudi tupu. Dereva alinikalisha mbele kwa sharti moja, niongee, maana alikuwa anasinzia. Nikaongea vizuri mpaka tulipofika kituo kimoja cha biashara, ambako mwanamke alikuwa ameketi chini ya turubai akiuza kumbikumbi waliokaangwa. Nikanunua kikombe. Mafuta yao yaliponigusa ulimi nikamuuliza yule mwanamke wametoka kwenye kichuguu cha nani. Akanitazama kama nimeuliza jina la baba wa sukari.

"Dada, hii natoka kwa gunia."

Nikarudi kwenye lori, nikanyamaza. Baada ya maili mbili dereva akalalamika kwamba alinibeba niongee, si nitafune. Kwa hiyo nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe, ila kwako nitaeleza zaidi, kwa sababu yeye alikuwa ananikatiza kila mara kwa habari za matairi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Dadamu, nje kidogo ya Arua, kwenye boma la baba: vibanda vitatu vya nyasi, ghala la ulezi, na shamba la muhogo lililoshuka mpaka kijito. Mama alikuwa Mkakwa wa Lurujo, huko Koboko, na Kilugbara chake, lugha ya kwao baba, kilitosha kununulia chumvi tu. Bibi, mama yake baba, alijua Kiswahili cha kambini kwa sababu babu alikuwa askari. Basi wawili hao walizungumza Kiswahili, wakiazimana maneno kama wanavyoazimana ungo. Majirani walimwita mama "Mama Koboko," wengine kwa heshima na wengine kwa kumpima.

Mwaka ule baba alikuwa amevuka kwenda upande wa Kongo kutafuta mbao tangu mvua za kwanza. Mwezi wa nane ulipofika, habari zake zilikuwa zimekatika. Mama akaanza kuacha mambo, moja baada ya jingine. Kwanza aliacha kuimba akitwanga. Kisha akaacha kusuka nywele. Mwishowe akawa anakaa mlangoni tangu asubuhi, anatazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye nyasi za paa na kuchimba vishimo mstarini. Mimi nilivihesabu vile vishimo nikidhani labda ndivyo anavyohesabu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na mzigo. Magauni mawili na sahani ya bati, vimefungwa ndani ya leso yake ya manjano. Nilijua maana yake, kwa sababu katika nyumba ya chini yetu mama mmoja alifunga mzigo kama ule, akaenda kwao, na watoto wake wakabaki. Watoto ni wa boma la baba. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Kila nilipoamka niliunyooshea mkono gizani kuhakikisha bado upo, na kila nilipougusa nilijiuliza swali lile lile: mtu akizimika hivi, anawashwa na nini?

Bibi hakuwa na jina la ugonjwa huo. Alisema tu, "Mvua naingia ndani yake." Lakini dawa alizijaribu, na zote hazikugharimu kitu. Jua likichungulia hata kwa muda wa kuchemsha chai, alimwita, "Mke yetu, toa miguu inje," na mama alitoa miguu, akaianika kama muhogo. Alimchemshia maji ya mchaichai ya kuoga saa sita mchana. Alimletea udongo mweusi wa kijitoni na majivu meupe, wakachora upya sehemu ya chini ya kuta, mkono wa bibi ukienda harakaharaka na wa mama ukibaki mahali pamoja mpaka udongo ukakauka vidoleni. Halafu kulikuwa na mashindano ya uongo. Tulipukuchua karanga kando ya moto, kila mtu anasema uongo mmoja, na atakayecheka anapukuchua fungu la mwenzake. Bibi alisema siku ya arusi yake mvua ilinyesha uji, wageni wakatoka na vikombe, na wajomba zake wakagombana kwa sababu upande wao haukuwa na sukari. Mama alicheka. Kisha akanawa mikono, akarudi mlangoni.

Mimi niliandika yote kwa mkaa kwenye nguzo ya ghala. Mstari mrefu amecheka, mfupi ametabasamu, nukta hakuna kitu. Mchaichai ulipata mfupi mmoja. Kuta, nukta. Uongo wa bibi, mrefu mmoja. Mwalimu wangu, ambaye alinichapa kwa kuuliza maswali mengi kuliko yeye, angeshangaa kuona jinsi nilivyojua kutunza daftari. Niliacha shule miaka miwili baadaye, lakini tabia hiyo ya kupima sijaiacha.

Ikabaki dawa moja sijaijaribu: kumbikumbi, wale tunaowaita onya. Ni lazima nikueleze jinsi walivyokamatwa, kwa sababu watoto wa leo nimewauliza na hawajui. Wako wanaotoka mchana, mvua ikikatika na jua likitoka. Unatafuta mashimo yao kwenye kichuguu, unapinda vijiti juu yake kama kibanda cha sungura, unafunika kwa majani ya mgomba au nguo, unaacha mlango mmoja wa mwanga na chini yake unachimba shimo. Kisha unalaza ubao juu ya udongo na kuupiga kwa vijiti viwili, taratibu, bila kukata. Kule chini wanasikia mvua. Wanatoka kuruka, wanafuata mwanga, wanaangukia shimoni.

Lakini kichuguu kina mwenyewe. Mtu hurithi kichuguu kama anavyorithi shamba, na kukipiga kichuguu cha mwingine ni wizi ulio wazi kuliko kuchukua kuku. Boma letu lilikuwa na kimoja, nacho kilikufa. Jirani, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa na vinne. Kikubwa kilisimama mpakani, nikajidanganya kwamba nusu yake iko kwetu.

Alasiri moja mvua ilipokatika nikaenda. Vijiti nilipinda, ubao niliupata. Majani ya mgomba yalikuwa yamechanwachanwa na upepo, hayafuniki kitu. Nikarudi nyumbani mbio, nikakuta mama ameitwa na bibi uani, nikafungua mzigo wake, nikachukua leso ya manjano. Magauni na sahani niliviacha sakafuni. Sitakuambia kwamba nilipanga. Nilihitaji nguo, na ile ndiyo nguo iliyokuwa karibu. Lakini nilitazama nyuma mara mbili nilipofungua fundo lile, kwa hiyo labda nilijua.

Nilikuwa nimepiga ubao kwa muda na hakuna hata mdudu mmoja aliyetoka, ndipo nikaona miguu ya mama. Alikuwa amekimbia, matope mpaka magotini.

"Leso yangu iko wapi?"

Aliiona. Akashika ncha yake kuivuta, kisha akasita, akageuza kichwa kwenye ubao.

"Nani alikufundisha hii? Wewe napiga kama mutu ya kodi nagonga mlango. Nani atatoka?"

Akapiga magoti. Akaninyang'anya vijiti. Kwanza alipiga kwa kijiti kimoja, akiachia nafasi, matone ya kwanza yale makubwa yanayokuja na upepo. Kisha cha pili kikaingia chini yake, kidogo kidogo, mpaka ikawa mvua yenyewe, na mimi nikatazama juu kuona kama inanyesha. "Lurujo tunaanza na matone," alisema bila kunitazama. "Hapa nyinyi nanyesha ghafla. Kumbikumbi hapana mjinga." Akachukua maji mdomoni kutoka dimbwini, akayanyunyiza mlangoni. Wa kwanza akatoka, akasimama kujinyoosha mabawa. Halafu kumi. Halafu kikawa kijito cha mabawa kinachomiminika shimoni, na mama alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba aondoke.

Jirani alisikia.

Alikuja na jembe begani, akianza kufoka kabla hajafika. "Mama Koboko. Kwenu watu naiba kichuguu na mchana?"

Mama hakuinuka. Nadhani hakuweza, mikono yake ilikuwa haijamaliza. "Mtoto ndiyo alianza," alisema. "Mimi namaliza tu. Nikiacha sasa, watarudi chini."

Jirani akachungulia shimo, likiwa limejaa mpaka nusu. Akaweka jembe chini.

"Siku tatu mimi nagonga hapa," alisema polepole. "Siku tatu. Hapana mmoja."

Bibi alifika akihema, ameshika fimbo, tayari kututetea au kutuchapa. Wale wanawake wawili wakaongea Kilugbara harakaharaka, na mama akiwa katikati yao anaendelea kunyesha. Mwishowe jirani akatoa hukumu, kwa Kiswahili, ili mwenye kosa asikie.

"Wewe umepiga kichuguu yangu bila ruhusa. Basi utapiga yote. Mpaka msimu iishe. Na hapana mahali utaenda mbele ya kumaliza."

"Yote iko ngapi?" mama akauliza.

"Nne. Na ya dada yangu mbili."

Mama akafikiri. "Ile ya bondeni udongo yake mzito. Itaomba mvua ndefu."

"Basi utanyesha ndefu."

Hivyo ndivyo alivyofungwa. Mchana wenye jua alikwenda kutumikia adhabu yake, na wanawake wakaanza kuja kuangalia, kwanza kwa kukunja mikono, kisha kwa kuomba vijiti. Walimfundisha nyimbo zao, yeye akawafundisha kuanza na matone. Kilugbara kikamwingia kupitia kumbikumbi, alijua kusema "bawa" na "shimo" kabla hajajua kusema "msamaha." Tulikaanga wale wadudu katika mafuta yao wenyewe, tukawapepeta kwa ungo, mabawa yakaruka mpaka kwenye uji. Waliobaki tulikausha kwa chumvi, tukasaga, tukala na ugali wa muhogo na ulezi. Leso ya manjano ililowa mafuta, haikufaa tena kufunga magauni. Nguzo ya ghala ikajaa mistari mirefu, nikaacha kuandika.

Baba alirudi mwezi wa kumi na moja, amekonda, na mbao sita. Alimkuta mkewe hayupo nyumbani. Alikuwa kwa jirani, wanasukana nywele.

Mpaka leo kuna jambo linanisumbua. Jirani alijuaje kusema "hapana mahali utaenda"? Je, bibi alimwambia habari za mzigo katika kile Kilugbara cha harakaharaka? Au hasira yake ilipata maneno yenyewe? Nilitaka kuwauliza nikiwa mkubwa, na kila mara niliporudi kutoka safari zangu nikakuta mmoja amezikwa. Mama naye amelala Dadamu, chini ya muhogo. Kile kichuguu cha mpakani wajukuu wa jirani walikichimba wakafyatua matofali, maana udongo wake ni mzuri, na matofali yakawa vyumba vya kupangisha. Nimewahi kuviona. Natamani hata ule ugomvi wa vichuguu. Watu wanaogombania kitu angalau wanajua kiko wapi.

Dereva alinishusha Koboko mchana. Mvua haikuwa imekatika, na miguu ikanipeleka Lurujo, ambako sikuwahi kulala hata siku moja maishani mwangu. Nilibisha kwenye boma lenye vibanda viwili na mwanamke mzee anayechagua maharage. Nikaomba mahali.

"Siku ngapi?"

"Sijui."

"Kile cha nyuma kiko tupu. Kona moja navuja, vuta kitanda." Akanisogezea ungo wake kwa mguu ili nichague naye. "Wewe iko na watu hapa?"

"Mama yangu alizaliwa hapa," nikasema, nikamtajia jina lake.

Vidole vyake vikasimama juu ya maharage. Akanitazama paji la uso.

"Ile aliolewa upande ya Arua," akasema. "Mwaka moja alituma neno, narudi mvua hii. Mama yake akasiriba kibanda upya. Sisi wasichana tulichota udongo. Tukangoja mpaka mvua ikaisha." Hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu aliyekaa na swali mpaka likamzoea. "Nani alimzuia?"

Sikuwa nimejua kwamba alituma neno. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba upande ule mwingine wa barabara kulikuwa na mtu mlangoni, naye anatazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye nyasi za paa.

"Mimi," nikamwambia, nikavuta kigoda karibu naye.