Sikio Moja Kwangu, Sikio Moja kwa Mkwe

Jumapili hiyo nilitoka Nateete kwenda Naguru, hapa hapa Kampala, kuchukua mjukuu yangu Amito. Ana miaka minne. Mama yake ni binti yangu Furaha, askari polisi, wamemtuma kazi Somalia. Mtoto akabaki na baba yake, naye ni polisi. Mimi nikasema, mwanaume na zamu zake atalea mtoto namna gani? Baba Amito akasema mtoto haendi popote. Kila mtu akawa anampigia Furaha kivyake, mpaka akachoka na sisi.

"Mama," akaniambia, "Jumapili mchana nitapiga mimi. Mkae wote wawili, niwasikie, niamue mara moja."

Kukaa wote wawili. Sasa nyinyi munajua mambo ya wakwe. Kwetu Kongo mama mkwe na mkwe hawaonani uso, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kwao kaskazini ya Uganda ni vile vile. Miaka yote hii huyu bwana mimi namjua kwa sauti, na kwa viatu vyake mlangoni.

Asubuhi, stegi ya boda Nateete, pale pikipiki zinangoja abiria. Nilikuwa na spika za masikio, zile Furaha alinitumia kwa mkono wa mwenzake aliyerudi likizo. Ni vidude viwili, kama haragwe lenye mkia, vinalala ndani ya kiboksi kama mayai. Waya hakuna. Mimi niliitafuta ile waya, nikageuza boksi juu chini, nikafikiri wameniibia njiani. Kumbe ndivyo viko. Unaweka masikioni, simu inabaki kwa pochi, na kitu kinaruka hapo katikati bila mtu kukiona.

Nikapanda boda, nikafungua kwaya. Jamani. Kwaya haikuingia kwa sikio. Iliingia katikati ya kichwa, hapa nyuma ya macho, sauti za kina mama upande huu, za kina baba upande ule, na mimi nimekaa kati yao kama askofu. Tukapanda kilima cha Mengo, tukashuka mjini, honi zote zikawa mbali kama ziko ng'ambo ya mlima. Nikaanza kuimba nao.

Dereva akasimama. "Jjajja, bibi yangu, unaniambia nini?"

"Sikuambii kitu. Naimba."

"Na nani?"

"Na kwaya."

Akatazama kwenye kioo, akaona bibi mmoja na kitenge. "Jjajja, tunaenda Naguru ama nikupeleke kwanza hospitali?"

Nikatoa kidude kimoja, nikamwekea sikioni chini ya kofia yake ngumu. Akasema pole pole, "Hawa watu wako wapi?" Na mimi ndiyo hiyo swali nilikuwa nayo tangu asubuhi.

Mchana, Naguru, kwenye nyumba za polisi. Ni nyumba za mabati, zimebanana, mtu akikohoa jirani anasema pole. Ndani wamegawa kwa pazia. Pazia ikikaa katikati, desturi inakubali, inahesabu ni vyumba viwili. Nikaingia upande wa viti. Kutoka upande wa kitanda nikasikia, "Karibu, mama."

"Asante, baba. Habari ya kazi?"

"Nzuri, mama."

Basi, maneno yakaisha. Amito akanirukia. Nikaangalia kichwa chake: mistari ya nywele inakwenda kombo kama njia ya mbuzi. Nikasema moyoni, unaona, hata wa kumsuka hana.

Simu ikalia. Kuweka sauti ya wazi haiwezekani, lain yote, hizi nyumba za mstari, ingesikia mambo yetu. Na simu yenyewe nitampaje? Nikatoa kidude kimoja, nikamwekea Amito kwenye kiganja. "Pelekea baba." Akapita chini ya pazia akikibeba kama kifaranga.

Na mtoto yangu akaongea akiwa kule Somalia, tukamsikia wote wawili, mimi huku, mkwe kule, pazia haikutikisika hata kidogo. Nywele za mikono zilinisimama. Desturi ya wazee ilifunga macho, ikafunga mikono, lakini juu ya kitu kama hiki haikusema neno.

Baba Amito akajibu. Furaha akasema, "Mama, baba Amito hajafika?"

"Si ndiye anaongea?"

"Mimi nasikia wewe tu."

Kumbe sauti inaingia kwa vidude viwili, lakini ya kutoka ilikuwa inapita kwa hiki changu peke yake. Sababu siijui. Kutoka nyuma ya pazia, kwa heshima kabisa: "Mama, naomba unisemee."

Hapo nikajua kila kitu kiko mdomoni mwangu. Nikipunguza neno, baba Amito atasikia, lakini mkwe hawezi kumwambia mama mkwe umedanganya. Angemeza tu.

"Mwambie mtoto asiende," akasema.

Nikatazama ile mistari ya kombo. Furaha akaita, "Mama?"

"Anasema mtoto asiende."

"Mwambie," akasema baba Amito, "nimeomba zamu ya mchana. Akiwa kwa shule ya watoto, mimi niko kazini. Nywele namsuka mwenyewe, jirani ananifundisha."

Nikasema yote, hata nywele.

"Mwambie nikifungua mlango hapa na hakuna mtu wa kuniita baba, mimi siwezi."

Nikasema, "Nikifungua mlango hapa na hakuna mtu wa kuniita baba, mimi siwezi." Nilisahau kuweka "anasema." Maneno yalitoka kama yangu, maana na mimi nafungua mlango wa namna hiyo kila siku.

Furaha alikuwa analia. Mimi sikioni, mkwe sikioni, machozi yale yale. Akasema, "Sasa wewe, mama. Sema yako."

"Abaki na baba yake," nikasema. "Mimi nitakuwa nakuja Jumamosi, yeye akiwa kazini. Nitanyoosha hiyo mistari ya kichwa."

Nyuma ya pazia mtu alicheka na pua. Miaka yote, sikuwahi kumsikia akicheka.

Amito akanirudishia kidude kwenye kiganja. Kilikuwa bado na joto la sikio la mkwe. Nikakiweka kwenye sahani kipoe, kama chai. Heshima ni heshima.

Jioni, kurudi. Sikufungua kwaya. Niliweka vidude masikioni hivyo hivyo, bila kitu, nikasikiliza yale nilikuwa nimesema. Nilijifunza hii: huyu bwana nilimsikia kwa masikio miaka mingi, nisimjue. Nimemjua siku niliyobeba maneno yake kwa mdomo yangu, mazima.

Nateete, jirani anayeuza makaa akanitazama niko peke yangu. "Mtoto wamekunyima?"

"Hawakuninyima," nikasema. "Baba yake aliomba abaki naye, na mimi ndiye nilimwombea."