Breki ya Mbele

Mdogo wangu aliendesha bodaboda hapa Kanja miaka mingi kabla ya kujinunulia pikipiki ya mbio, kuukuu lakini yenye sauti ya kutetemesha mabati. Tuliifanyia kazi nyuma ya jikoni kwa mama. Mimi nilibadilisha oili, nikasafisha kabureta, nikakaza cheni. Yeye akakata plastiki za ubavuni na kuinua usukani, maana kuinama kulimuumiza mgongo. Hayo tulielewana.

Kisha akaanza kufungua breki ya mbele.

"Wee! Unafanya nini?"

"Natoa hii takataka. Ya mbele huangusha mtu."

Ndivyo wanavyoamini watu wa boda huku kwetu. Kwenye matope, ukishika ya mbele unakula udongo, kwa hivyo wengi huilegeza au kuitoa kabisa, na anayeanza kazi hufundishwa hivyo stejini, wanaposubiri abiria. Nikamwambia hii si boda. Ni nzito, inakimbia, na kwenye lami ya mbele ndiyo inayoisimamisha. Akacheka. Eti mimi ni fundi wa kusoma kwa simu!

Nilichemka. Nikairudisha. Akaitoa. Nikairudisha tena, tukakaribia kupigana, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ndiye aliyekuwa akimwosha vidonda alipoanguka na boda.

"Mwache aitoe," akaniambia. "Ama wewe unataka aanguke tena?"

Ikatolewa. Nikanawa mikono nikaenda zangu, nimenuna kama mtoto.

Wiki hiyo hiyo akateremka Kiritiri kuijaribu. Mbuzi wakavuka barabara. Walioona walisema gurudumu la nyuma lilijifunga likaburuzika, na pikipiki haikupunguza mwendo mpaka ikaingia chini ya lori la mchanga lililoegeshwa. Alikufa papo hapo. Pikipiki ikabaki kwa polisi. Hakuna mtu wa nyumbani aliyetaka kuiona.

Siku ya mazishi wenzake wa steji walikuja wote, wakipiga honi kutoka barabarani mpaka kaburini. Tulipomaliza kufukia, mwenyekiti wao akachuchumaa mbele ya mama, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Huyo alishika ya mbele. Kila siku tunawaambia."

Nilitaka kumkunja shati huyo mtu, nimwambie hakukuwa na ya mbele ya kushika, na ndiyo sababu tuko hapa. Lakini mama alikuwa amenigeukia.

"Uliirudisha tena," akasema. "Mimi nikiwa shambani. Sio?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimeigusa. Lakini ningesema hapana, angebaki na neno lake mwenyewe, lile alilolisema na mwiko mkononi, na nilimjua mama yangu: lisingemwacha hai.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akaitoa mikono yake kwa yule mwenyekiti, akajifunika uso na leso. Mpaka leo hanipakulii chakula.