Msimu Nilioanzia Benchi

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu. Ilikuwa Jumatatu ya Novemba, theluji ya kwanza imeanguka, nami naendesha gari kutoka chuoni Saint Paul kurudi nyumbani Burnsville huku nalia kwa hasira. Nilikuwa nimetoka kumwambia kocha wangu, mbele ya timu nzima, kwamba mimi si mtu wa kukaa benchi.

Nikueleze ilivyofika huko. Wewe unanijua kama mama yako tu, lakini wakati ule jina langu lilivuma. Mwaka wangu wa pili chuoni, hakuna msichana aliyenizidi kufunga katika ligi yetu ya mpira wa kikapu. Gazeti la chuo lilitoa picha yangu nikiwa hewani, na babu yako, Papa, akaikata akaibandika kwenye mlango wa friji. Kila mgeni aliyeomba maji ya kunywa alioneshwa.

Ili nipate karo, nilikuwa nimejiandikisha katika jeshi la akiba. Wikiendi moja kila mwezi navaa magwanda, basi. Sikudhani itazidi hapo. Msimu wa tatu ukiwa katikati, barua ikaja: kikosi chetu kinakwenda Afghanistan. Papa, aliyetutoa Uvira tukiwa wadogo akikimbia vita, aliisoma mara mbili. Hakunizuia. Alisema tu, "Ulitoa neno lako. Nenda, urudi."

Nilikaa kule karibu mwaka mzima nikiendesha lori la maji. Mengi ya kule nitakusimulia ukikua. Kwa leo ujue hili: bomu lililipuka kando ya barabara, dereva aliyekuwa mbele yangu hakurudi kwao, nami nilirudi na sikio la kushoto lisilosikia.

Chuoni nilimkuta msichana wa mwaka wa kwanza, Kelsey, anacheza mahali pangu, na tena anacheza vizuri. Mimi mwenzangu akiniita kutoka kushoto, simsikii. Pasi inanipita, mpira unatoka nje. Kocha, mama mpole aliyenivumilia sana, akaniambia msimu huo nitaanzia benchi. Ndipo nikasema niliyosema, nikabeba mkoba wangu nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta Papa akipiga pasi shati lake la kazi. Alikuwa anajiandaa kwenda ghalani, katika mji wa Savage, alikokuwa akifungasha vipuri.

"Nimeacha mpira," nikamwambia.

"Umeumia?"

"Hapana. Nimemjibu kocha vibaya mbele ya wote. Wameniweka benchi. Mimi, Papa! Baada ya yote yaliyonipata. Naona aibu."

Akaiweka pasi chini. Huko Uvira alikuwa mkuu wa shule, mwanangu, watu wazima walivua kofia wakipishana naye njiani.

"Tulipofika nchi hii," akasema, "kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia lile ghala. Msimamizi wangu alikuwa na umri wa wanafunzi wangu. Unadhani sikuona aibu?"

"Sijawahi kukuona ukiona aibu."

"Niliona. Kila asubuhi niliona. Lakini nilikwenda." Akalivaa shati likiwa bado lina moto. "Na kesho utarudi kwa wale wasichana. Uliwakosea wote, utawaomba radhi wote."

Kutoka mlango wa ukumbi hadi katikati ya uwanja ni hatua chache tu, lakini siku ile niliziona hazina mwisho. Niliwaomba radhi wote. Kocha akasema, "Viatu viko wapi? Vaa."

Nikakaa benchi. Nilimfundisha Kelsey kila ujanja niliokuwa nao, naye akawazoesha wenzake kunipungia mkono badala ya kunipigia kelele. Nikaanza kuingia kwa dakika tano, halafu kumi. Kabla ya Krismasi wasichana wakapiga kura ya nahodha, wakanichagua mimi, mtu wa benchi!

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa Jumamosi mchana. Siku hiyo wanaomaliza chuo huingia uwanjani na wazazi wao. Papa alivaa suti aliyoshonewa Kigoma tulipokuwa wakimbizi. Mtangazaji alilivuruga jina la ukoo wetu hata sikulitambua, lakini Papa hakujali. Alitembea polepole, kifua mbele, kanishika mkono, na ukumbi mzima ukasimama kutupigia makofi. Nilifunga pointi sita, tukashinda. Kesho yake kanisani Papa akawaambia watu nimefunga kumi na sita. Sikumsahihisha.

Juzi wewe ulitoka mazoezini umenuna kwa sababu hukutajwa katika kikosi cha kwanza. Nakuambia, mwanangu, nafasi hupotea. Ya kwangu ilichukuliwa na vita, ya kwako imechukuliwa na mtoto mwenye mbio kukuzidi, na si kosa lake. Ukiona aibu, ione, halafu nenda mazoezini. Usimnyime huyo mtoto unachokijua. Na siku ulimi ukikuponyoka mbele za watu, omba radhi mbele yao hao hao, usiende kunong'ona pembeni.

Mungu akutunzie viungo vyako, akupe wenzako wa kukuvumilia kama nilivyovumiliwa. Na popote watakapokuketisha, mbele au nyuma, watu wafurahi kwamba upo. Amina.