Wiki Isiyo ya Mtu

Henning Sjödahl alikuwa fundi wa mitambo ya joto mjini Sundsvall, huku kaskazini kwenye theluji, mtu mpole mwenye mikono ya kuaminika na kichwa cha kusahau. Boila ikianza kukohoa, aliujua ugonjwa wake kabla hata hajafungua kifuniko. Tarehe ndizo zilizomshinda. Siku ya kuzaliwa ya mkewe, Pernilla, aliikosa miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu akaikumbuka katika mwezi usio wake, akaingia na keki mkononi na tabasamu usoni, maskini. Pernilla alivumilia mengi. Alipochoka aliondoka kwa ustaarabu, bila kurusha hata kikombe. Wakagawana fanicha, kisha wakagawana mtoto.

Mtoto huyo ni Tyra, wa miaka minane. Walimgawana kama wanavyogawana wengi huku: wiki zenye namba witiri kwa baba, wiki zenye namba shufwa kwa mama, na Jumatatu ndiyo siku ya kupokezana. Mmoja anampeleka mtoto shuleni asubuhi, mwingine anamchukua jioni. Ni mpango mzuri kwa mtu anayejua yuko wiki ya ngapi, na huku watu wote wanajua, au wanajifanya wanajua. Daktari wa meno anakuita wiki ya saba. Likizo ya watoto ni wiki ya tisa. Bosi akisema boila za shule zitasafishwa wiki ya ishirini na sita, mafundi wote wanaitikia kwa kichwa. Henning naye aliitikia, kisha akaenda chooni kuchungulia simu.

"Sina wasiwasi na mapenzi yako kwa mtoto," Pernilla alimwambia siku ya kutia saini hati za talaka. "Nina wasiwasi na kalenda yako."

Maneno hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Akaapa moyoni kwamba kwa Tyra hatasahau. Akakaa kwenye kompyuta na kutengeneza jedwali: safu moja tarehe za mwaka mzima, safu ya pili fomula ya kuitazama kila tarehe na kutoa namba ya wiki. Aliielekeza hata kwamba wiki inaanza Jumatatu, maana si mjinga. Wiki witiri akazipaka kijani, wiki shufwa rangi ya chungwa. Mwaka mzima jedwali halikukosea hata mara moja. Ilifika mahali Pernilla akasema, "Siku hizi uko makini, Henning," naye akatembea na sentensi hiyo kifuani wiki nzima. Mwaka ulipokaribia kwisha, akaiburuta fomula hadi chini, mwaka mpya ukajaa namba wenyewe, kijani na chungwa, kijani na chungwa. Raha tupu.

Siku chache kabla ya Krismasi Pernilla akamtumia ujumbe: "Wiki ya kwanza naenda Åre kuteleza kwenye theluji na dada yangu. Sawa?"

Henning akatazama jedwali. Wiki ya kwanza ilikuwa siku tatu tu, Ijumaa tarehe moja Januari hadi Jumapili, zote kijani. Jumatatu tarehe nne ilikuwa tayari wiki ya pili, rangi ya chungwa, zamu ya mama. Aliona wiki ya kwanza ni fupi kidogo, lakini akajiambia kwamba mwaka mpya umeikata, basi. Pernilla anakwenda kusherehekea mwaka mpya na Jumapili atakuwa amerudi.

"Sawa kabisa. Furahieni," akajibu.

Jumatatu hiyo ya tarehe nne baridi ilikuwa ya kukata masikio. Shule zilikuwa bado zimefungwa, lakini kituo cha watoto cha pale shuleni kilikuwa wazi kwa wachache ambao wazazi wao wamesharudi kazini. Henning akamvua Tyra glavu, akatundika mkoba wake wa nguo ukutani, akambusu kipajini.

"Mama atakuchukua jioni."

"Na Baba?"

"Mimi Jumatatu ijayo. Kama kawaida."

Akaenda zake kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazee, ambako boila ilikuwa imegoma tangu usiku. Huko chini simu haishiki mtandao. Alifanya kazi siku nzima, tena kwa furaha, na alipopanda juu na kisanduku chake cha zana, nje kulikuwa na giza na simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kukoma. Simu zote alizozikosa zilikuwa za Yvonne, mama mtu mzima anayeangalia watoto kituoni. Henning akapiga.

"Henning, uko wapi? Nimeshafunga. Wengine wote wamekwenda."

"Kwani Pernilla hajafika? Leo si zamu yangu, Yvonne."

"Pernilla yuko Åre. Anasema ni zamu yako."

"Haiwezekani. Hii si wiki yangu," Henning alisema, na sauti ilipanda kuliko alivyokusudia. "Angalia kalenda. Si wiki yangu kabisa."

"Njoo tu, Henning," Yvonne akasema taratibu. "Yuko hapa pembeni yangu."

Aliendesha gari akibishana mwenyewe. Wiki ya pili ni shufwa. Shufwa ni mama. Mama yuko milimani. Alirudia hesabu hiyo kwenye kila taa ya barabarani, na kila mara ilitoka sahihi.

Tyra alikuwa ameketi kwenye benchi la koridoni, amevaa suti yake ya theluji hadi shingoni, mkoba magotini. Hakuwa akilia. Yvonne aliketi kando yake, naye amevaa koti. Henning akapiga magoti, akaanza kueleza mambo ya jedwali, mpaka alipoona mtoto hasikilizi.

"Mama kasema si wiki yake," Tyra alisema. "Na wewe umesema si wiki yako. Nimesikia, simu ya Yvonne ina sauti kubwa."

"Tumechanganya namba tu, mwanangu."

"Sasa hii ni wiki ya nani?"

Aibu ilimshika Henning, kwa maana hakujua. "Ni yangu," akasema mwishowe. Tyra alimtazama kama mtu anayepokea chenji asiyoiamini.

Nyumbani akapika makaroni na soseji, mtoto akala, akalala mapema. Ndipo Pernilla akapiga, naye hakuwa na ustaarabu tena.

"Nilikuambia wiki ya kwanza niko Åre. Ukaniandikia sawa kabisa."

"Wiki ya kwanza imekwisha jana."

"Imeanza leo, Henning."

"Jedwali linasema leo ni wiki ya pili."

"Jedwali lako na wewe! Iliyopita ilikuwa ya hamsini na tatu, mpaka jana Jumapili. Hii ni ya kwanza. Zote witiri, ndiyo maana una zamu mbili mfululizo. Hutokea kila baada ya miaka kadhaa. Nilidhani unajua."

"Ngoja. Tarehe moja Januari iko kwenye wiki ya hamsini na tatu? Ya mwaka uliokwisha?"

"Ndiyo. Wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Tarehe moja imeangukia Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi hiyo ni ya wiki hii."

"Lakini ni Januari."

"Henning."

"Alhamisi inahusika vipi? Sisi tunapokezana Jumatatu."

Pernilla alishusha pumzi ndefu. "Mtoto amekaa gizani na mkoba, na mimi niko huku juu ya mlima siwezi hata kumshika mkono," akasema.

Baadaye Henning alifukua kwenye maelezo ya kompyuta mpaka akaelewa nusu. Fomula yake ilihesabu kama wanavyohesabu Wamarekani: tarehe moja Januari ikifika, hata ikiwa Ijumaa, hiyo ni wiki ya kwanza. Mwaka uliotangulia ulianza Alhamisi, ndiyo maana hesabu mbili zilikubaliana na yeye akajiona bingwa. Kulikuwa na fomula nyingine, ya kuhesabu kama huku. Akaibadilisha, na mwaka mzima ukageuka mbele ya macho yake: kijani ikawa chungwa, chungwa ikawa kijani, hadi Desemba. Akairudisha ya zamani. Akaibadilisha tena. Zote mbili zilionekana za kweli, zimenyooka, hazina hata kosa la kuonyesha kwa kidole. Akafunga kompyuta, kichwa kinamzunguka, akaenda kusimama mlangoni kwa Tyra. Mtoto alikuwa amelala na soksi zake, mkoba haujafunguliwa.

Wiki hiyo alikuwa baba wa mfano. Walioka, waliteleza, walijenga ngome ya theluji. Tyra alicheka inavyotakiwa, na Henning akaanza kuamini kwamba watoto husahau upesi.

Jumatatu iliyofuata shule zikafunguliwa. Ilikuwa wiki ya pili, ya pili kweli; alikuwa amemuuliza Pernilla, jirani na mwenye duka. Kituoni Yvonne alikuwa akiwasha taa.

"Mama atakuchukua jioni," Henning alisema.

"Hata siku ile ulisema hivyo."

"Leo nina uhakika."

"Mpigie. Nisikie mwenyewe."

Alipiga, akaiweka simu kwenye spika. Pernilla akasema ndiyo, anakuja, ameshaomba ruhusa kazini atoke mapema. Tyra alisikiliza mpaka mwisho, ameushika mkono wa baba yake kwa nguvu. Kisha akamgeukia Yvonne.

"Wasipokuja, utakaa na mimi kama siku ile?"

Yvonne alimtazama Henning mara moja, akayaondoa macho.

"Nitakaa," akasema.

Tyra akauachia mkono. "Basi, Baba," alimwambia, "sasa unaweza kwenda kazini."