Mtoto Aliyeandikwa kwa Jina la Leokadia

Saa kumi na moja na robo alfajiri, kwenye kituo cha treni cha Farsta, kusini mwa Stockholm, Leokadia Kemilembe anasukuma kidirisha cha kibanda chake cha tiketi. Anaweka muhuri upande wa kulia na chupa ya chai upande wa kushoto, kisha anavuta kiti mpaka magoti yake yakaribie hita ya umeme.

Ni Machi 1978, lakini theluji haijakubali kuondoka. Abiria wa kwanza wanapita wamejikunyata: wauguzi, waoka mikate, wasafisha ofisi. Kila mmoja ananyanyua kadi yake ya mwezi yenye picha. Leokadia anatazama picha, anatazama uso, anaitikia kwa kichwa.

Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya anaonyesha kadi na kutaka kupita. Leokadia anagonga kioo.

"Samahani, bwana," anamwambia kwa Kiswidi. "Huyu wa kwenye picha amevaa hereni."

Mzee anaitazama kadi, anaona amechukua ya mkewe, anacheka mpaka anakohoa. Leokadia anamkatia tiketi huku naye akicheka. Lakini mzee akishapita, Leokadia anamgeukia mwandishi wa habari hii na kusema kwa sauti ya chini, "Leo ni kichekesho. Kuna siku haikuwa kichekesho."

Leokadia ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa karibu na Bukoba, akaja Sweden mwaka 1968 kujifunza ushonaji kwa ufadhili wa kanisa. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili. Mume wake, Gervas, alimfuata, wakakaa pamoja miaka minne, na katika miaka hiyo mimba mbili zilitoka. Mwaka 1973 Gervas alirudi nyumbani akaoa mke mwingine. Leokadia akabaki, akafanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, kisha akapata kibanda hiki.

Barua iliyombadilishia maisha ilifika mchana mmoja wa Aprili, mwaka 1976. Alikuwa ametoka kazini, viatu bado miguuni. Ilitoka kliniki ya watoto. Ilimpongeza kwa kujifungua mtoto wa kike tarehe tisa Machi, ikamwomba amlete mtoto kupimwa uzito.

Jina lilikuwa lake. Tarakimu kumi za namba ya utambulisho, ambazo kila mkazi wa nchi hii hupewa na ambazo bila hizo hufungui akaunti wala humwoni daktari, zilikuwa zake zote.

"Nitakwambia kitu ambacho sikuwaambia hata polisi," anasema. "Kabla ya kuogopa, nilifurahi. Kwa dakika moja hivi. Nilikaa kwenye kochi na ile barua kifuani kama mwendawazimu. Halafu akili ikarudi."

Akili iliporudi, alidhani ni kosa la karani. Aliirudisha barua na kuandika juu yake, "Sina mtoto."

Mwezi Mei alikwenda hospitali. Kwa mwaka mzima alikuwa akisumbuliwa na uvimbe kwenye kizazi, na alikuwa amepangiwa upasuaji mwezi Juni. Daktari alifungua faili, akaanza kusoma, akainua macho.

"Mbona hukusema kwamba umejifungua majuzi?" akamuuliza.

"Sijajifungua, daktari."

"Imeandikwa hapa. Miezi miwili iliyopita, katika hospitali nyingine."

"Basi amejifungua mtu mwingine."

Daktari alimtazama kama anayetazama mgonjwa asiyetaka kusema kweli. Kisha akasoma mstari mwingine uliomshtua zaidi yeye mwenyewe. Kundi la damu lililoandikwa kutoka chumba cha kujifungulia lilikuwa B. Leokadia ni O, na tangu mimba yake ya pili ilipotoka analijua kama anavyojua jina la baba yake.

"Aliniambia kabla ya kuongeza damu hupima tena," Leokadia anaeleza. "Lakini akaniambia pia kwamba siku ya haraka, mtu akiwa hajitambui, makaratasi ndiyo husema kwa niaba yake. Na makaratasi yangu yalikuwa yanasema uongo."

Upasuaji uliahirishwa mpaka ijulikane ni nani hasa anayeitwa Leokadia Kemilembe.

Hapa Sweden, vitabu vya kuzaliwa, kuoa, kuhama na kufa hutunzwa na ofisi za parokia. Leokadia alikwenda kwenye ofisi ya parokia yake siku ya mapumziko. Karani, mwanamume wa makamo mwenye subira, alimtolea ukurasa wake na kuugeuza ili ausome. Chini ya jina lake palikuwa na mstari mpya: binti, amezaliwa 9 Machi 1976, jina bado.

"Nani mwingine anaijua namba yako?" karani akauliza.

"Hakuna."

"Fikiri vizuri. Huwa unaitaja dukani, foleni ikiwa ndefu? Umewahi kumpa mtu cheti chako cha usajili?"

Leokadia alikiri kwamba dukani huitaja, tena kwa sauti, kwa sababu wauzaji hawaelewi matamshi yake mara ya kwanza. Cheti hakumpa mtu yeyote. Karani akapiga simu hospitali, akaongea na mkunga aliyekuwa zamu siku ile. Mkunga alimkumbuka mama yule: Mwafrika kijana, alikuja peke yake uchungu ukiwa umeshamshika, akatoa cheti. Alikuwa amevaa koti la kijani lililombana tumbo, kifungo kimoja cheupe na vingine vyeusi.

Leokadia alilijua koti hilo. Kile kifungo cheupe alikuwa amekishona yeye.

Koti lile alilitoa mwenyewe, Novemba 1975, kwenye mkutano wa akina mama wazungumzao Kiswahili. Alikuwepo msichana mmoja Mganda, Damalie, aliyekuwa akitetemeka ndani ya sweta ya pamba. Leokadia alivua koti lake akamvisha, akarudi nyumbani na shali tu. Hakukumbuka kwamba kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na cheti cha usajili alichokuwa amekichukua wiki ile kwa ajili ya benki. Cheti kina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba. Picha hakina.

"Watu wananiuliza, ulimkasirikia?" anasema. "Nilimkasirikia sana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumchoma."

Njia hiyo ilikuwa ya treni ya kwenda Upplands Väsby, kaskazini, ambako, kama akina mama wa mkutano ule walivyomwelekeza, Damalie alikuwa akilala sebuleni kwa Cissy, rafiki yake wa tangu Kampala. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Mlango ulifunguliwa na Damalie mwenyewe, mtoto begani.

"Dada Leokadia," alisema, kwa Kiswahili alichojifunzia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. "Mimi nilijua utakuja. Kila siku nasikiliza ngazi."

"Kama ulijua, mbona hukuja wewe?"

"Nitakuja na uso gani?"

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mume wake, Samwiri, alichukuliwa na askari barabarani, hakuonekana tena. Alitoroka kwa pasipoti ya mtu mwingine, aliyoirudisha alipofika, na aliyemsaidia alimwambia kwamba akienda kwa polisi wanaoshughulikia wageni na kusema jina lake la kweli, atarudishwa kwa ndege ya kesho yake. Aliamini. Uchungu ulipomshika, akiwa hana karatasi hata moja, aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti.

"Nilifikiri ni siku moja tu," alimwambia Leokadia. "Nizae, nitoke, basi. Sikujua hapa jina linakufuata."

Leokadia hakusema lolote kati ya yale aliyoyapanga. Aliomba ampakate mtoto. Mtoto alimkamata kidole akakivuta mdomoni, akaanza kukinyonya.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema hatimaye. "Huyu akiugua, daktari atauliza habari za mama yake, atapewa habari zangu. Atatibiwa kwa damu ya mtu ambaye si wake. Na wewe, siku wakikukamata, utasema huyu ni mwanao, vitabu vitasema hapana, ni wa Leokadia. Unaelewa? Wanaweza kumchukua mikononi mwako wakaniletea mimi."

Damalie akaanza kulia. "Wataturudisha."

"Tutakwenda wote. Mimi ndiye niliyeibiwa. Nitasimama mbele yao niseme ninachokijua."

Haikuwa kazi ya siku moja. Damalie alikubali, akakataa, akakubali tena. Wiki tatu zilipita, na katika wiki hizo Leokadia alifanya kazi huku ameshika tumbo kwa maumivu. Wenzake wawili walimshauri aende polisi peke yake amalize mambo. Alikataa. Alikuwa ameshuhudia jinsi yule msichana alivyomfunika mtoto miguu, na hakutaka mlango uje ugongwe na watu wenye sare.

Tarehe 22 Juni walipanda ngazi za ofisi ya parokia pamoja, mtoto katikati yao. Polisi waliitwa baadaye, Damalie akahojiwa mara mbili. Leokadia alikaa naye kama mkalimani wake asiye na cheo. Adhabu ilikuwa ndogo, na ombi la Damalie la hifadhi ya ukimbizi likapokelewa kwa jina lake mwenyewe. Jibu la kukubaliwa lilikuja mwaka uliofuata.

Lakini siku ile ya kwanza, karani alihitaji saini moja. Leokadia alitakiwa kuthibitisha kwa mkono wake kwamba mtoto yule si wake.

"Kalamu ilikuwa nzito," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatazami abiria. "Nilihesabu. Kwa siku mia moja na tano, kwenye vitabu vya nchi hii, nilikuwa mama. Nilijua ni uongo. Bado nilimwomba karani nisome ule mstari mara moja tena kabla hajaufuta."

Karani alimpa nafasi. Hakumharakisha.

Mwezi Septemba alifanyiwa upasuaji, faili likiwa limesahihishwa, kundi O likiwa limepigiwa mstari mwekundu. Kizazi kilitolewa. Aliyekuja kumsaidia kuoga wiki mbili za kwanza alikuwa Damalie.

Tangu hapo Leokadia hatoi nguo bila kukung'uta mifuko yote. Dukani huandika namba yake kwenye kikaratasi, humwonyesha muuzaji, kisha hukichukua na kukichana. Kila Januari huenda parokiani kuomba ukurasa wake asome kilichoandikwa. Barua ya ofisi hairudishi tena bila kuuliza imetoka wapi, hata ikiwa na mambo yasiyomhusu. Anasema ile ya kliniki ilikuwa inamwonya mapema, naye akaichukulia kama makosa ya posta.

Jumapili huwaeleza hayo wageni wanaofika kwenye ukumbi mmoja huko Akalla, ambako Damalie sasa ana chumba na jiko. Majuzi Mtanzania mmoja, Mashauri, alimuuliza kama ni vibaya kumwazima binamu yake cheti apate kibarua cha wiki mbili tu.

"Unampenda binamu yako?" Leokadia akamuuliza.

"Ni ndugu yangu, mama."

"Basi mshike mkono mwende wote ofisini. Ukimpa jina lako, akianguka kwenye ngazi ya ujenzi watakuzika wewe."

Ukumbi ulicheka, Mashauri akatikisa kichwa, na cheti kikabaki kwenye pochi yake.

Mtoto ametimiza miaka miwili mwezi huu. Anaitwa Winifrida, anaongea Kiswidi zaidi kuliko Kiganda, lakini humwita Leokadia mama mkubwa, kwa Kiswahili, na hakuna aliyemlazimisha.

Saa tatu asubuhi foleni inapungua. Leokadia anatoa bahasha kwenye mkoba na kuifungua kwa uangalifu. Amekubaliwa kwenye mafunzo ya jioni ya ukalimani wa hospitali, yatakayoanza Agosti. Ni ya mwaka mmoja, na itambidi apunguze siku za kibandani. Mwalimu amemweleza kwamba wakalimani wa Kiswahili bado ni wachache sana, naye Leokadia ameomba mapema apangiwe wodi ya wazazi.

"Wanakuja pale wakiwa na hofu, uchungu umewashika, hawajui nani ni adui," anasema, akiikunja barua. "Nataka nikae karibu na kitanda, nimshike mkono, nimwambie kwa lugha anayoielewa: usiogope, dada. Niambie unaitwa nani."