Fintan, Kocha wa Ghorofa ya Tano

Sisi watoto wa waliotoka Bukavu, tuliokulia mtaa wa Albert Park mjini Durban, wakati wetu lifti ilikuwa pambo tu. Tulipanda ghorofa saba kwa miguu, ndoo ya maji mkononi, harufu ya sombe, yaani kisamvu, ya majirani ikitusindikiza ngazi hadi ngazi, na hakuna aliyesema amechoka. Jioni, mama zetu wakiwa bado wanasuka nywele salooni au wanauza mboga soko la Warwick, sisi tulikuwa bustanini na mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba. Mikoba ya shule ndiyo ilikuwa magoli. Wasichana tulicheza na wavulana, na aliyetaka kulia alirudi kwao.

Kisha mzungu mmoja akahamia ghorofa ya tano, jambo lisilo la kawaida kwenye jengo letu. Alikuwa mrefu, mwekundu kama nyanya, na alichechemea. Tulidhani ni polisi, basi wiki nzima tulimwamkia kwa adabu ya ajabu. Kumbe alikuwa Muayalandi, jina lake Fintan, mcheza mpira wa kulipwa. Alianzia kwao, akacheza miaka mingi katika ligi za chini Uingereza, halafu akaja Durban kumalizia soka yake, lakini goti likamtangulia kumaliza. Akageuka kocha wa timu moja ndogo, nayo ikamfukuza baada ya miezi minne. Hayo alitueleza mwenyewe siku aliyoshuka bustanini na mpira wa kweli kwapani.

"Ulifunga magoli mangapi?" rafiki yangu Espoir alimuuliza.

"Moja," akajibu. "Kwenye goli letu wenyewe."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo akawa wetu.

Alitufundisha kila Jumanne na Alhamisi. Kiswahili alikiokota kwetu, nasi tulikuwa tumekitoa kwa mama zetu wakiwa wamekasirika, kwa hiyo kocha mzima aligomba kama mama wa Bukavu: "Mupira chini! Munaangalia ndege?" Aliyemcheka mwenzake kwa kukosa goli alizungushwa bustani mara tano. Mimi nilikuwa beki wa kulia mwenye mdomo mrefu. Ile bustani niliizunguka kuliko walinzi wake.

Mama hakumpenda. Siku moja nilirudi na viatu vya shule vimeachama, naye akashuka mpaka ghorofa ya tano, kiatu mkononi. "Muzee, soulier ya masomo haiko ya mupira! Na huyu ni mutoto mwanamuke!" Fintan akakipokea kiatu, akakishona mwenyewe kwa uzi mnene, akakirudisha asubuhi. Mama akaukagua mshono. "Bon. Kushona anajua," akasema. Hakusema niendelee kucheza. Hakusema niache, nami nikalihesabu hilo kuwa ruhusa.

Mwaka uliofuata timu ya mjini kubwa kuliko ile iliyomfukuza, iliyokuwa ukingoni kushuka daraja, ikamchukua Fintan. Akafungwa mechi tatu mfululizo. Ya nne ilikuwa nyumbani, Jumapili, na kila mtu alisema akifungwa tena anafungasha virago. Alituletea tiketi sisi watoto wote, na moja ya mtu mzima wa kutuchunga. Mama ndiye aliyekuwa na nafasi baada ya kanisa. Alikuja amenuna, na beseni la maandazi mapajani.

Kufika mapumziko tulikuwa tumefungwa mbili bila. Nyuma yetu mwanaume mmoja mwenye kofia akasimama na kumpigia Fintan kelele kwa Kiingereza: "Rudi kwenu, mzee kilema! Rudi kwenu!"

Maneno hayo mama aliyajua. Alikuwa ameambiwa kwenye taxi, sokoni, hata kliniki, na siku zote alikuwa ameinamisha kichwa. Siku hiyo alinipa beseni, akasimama.

"Weye! Ule ni kocha ya mutoto yangu! Haendi kwao, iko na kazi hapa!"

Yule mwanaume hakujua Kiswahili, lakini kidole alikielewa. "Eish. Sharp, mama, sharp," akasema, yaani sawa, yameisha, akakaa. Mama hakukaa. Alianza kupiga makofi na kuita, "Fintani! Fintani!" Tukaitikia sisi, wakaitikia waliotuzunguka, na mwishowe yule wa kofia naye. Kipindi cha pili tukarudisha moja, na dakika za mwisho beki wa kulia, wa nafasi kama yangu, akafunga la kichwa. Mbili kwa mbili. Kazi ikabaki.

Baada ya mechi Fintan alichechemea mpaka kwenye uzio, macho yamelowa. "Asante, Mama Neema."

"Asante ya nini?" mama akamjibu. "Mardi, kesho kutwa, mutoto iko na mupira. Usichelewe."

Alikaa Durban misimu miwili zaidi, kisha akarudi Ayalandi kumuuguza mama yake, akawa kocha wa timu ya kijiji chao.

Leo ninaishi Overport, mtaa mwingine wa mji uleule. Mwanangu ana viatu vya mpira vyenye rangi za kasuku, na anajua bei ya kila mchezaji wa Ulaya, ila jina la mtoto wa jirani halijui. Juzi alimtafuta Fintan kwenye simu. "Mama, huyu alishinda mechi chache sana," akaniambia. Ni kweli. Sisi tulikuwa na kocha mmoja, mpira mmoja, na jengo zima la akina mama waliotugombeza wote bila kuuliza huyu ni wa nani. Mwanangu ana kocha wa kulipiwa na uwanja wa nyasi za bandia, na akianguka, mimi peke yangu ndiye ninayesimama.